Mtoto hakui? Wahudumu wafunzane

Mtoto akitibiwa utapiamlo kisha arudi hospitalini mara kwa mara, huenda tatizo si dawa. Katika eneo kama Navakholo, Kakamega, muuguzi hujua uzito wa mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii, anayetembelea nyumba, hujua kama jikoni kuna chakula. Afisa wa watoto hujua msaada unaoweza kupatikana. Kila mmoja ana kipande tu cha habari.

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inatambua timu za wataalamu mbalimbali. Lakini timu haijengwi kwa sheria pekee. Yafaa wakutane, wachambue kisa kimoja huku wakilinda siri ya mgonjwa, na waulizane: “Wewe uliona nini?” Mzazi naye aulizwe. Kidole kimoja hakivunji chawa.