Kasi ya prosesa kwenye Linux

Kasi ya prosesa ni idadi ya mapigo ya saa ambayo prosesa ya kompyuta hufanya kwa sekunde moja. Hupimwa kwa hezi: prosesa ya gigahezi 1 hupiga mara bilioni moja kwa sekunde. Katika kompyuta za kisasa kasi hii hupanda kazi inapoongezeka na hushuka inapopungua. Katika Linux, sehemu ya keneli inayosimamia mabadiliko hayo huitwa *cpufreq*.

Umeme na joto

Umeme unaotumiwa na prosesa wakati wa kazi hutegemea kasi pamoja na mraba wa volti. Kasi ikishuka, volti nayo inaweza kushushwa. Vyote viwili vikipunguzwa hadi asilimia 80, matumizi hayo hubaki 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani takriban asilimia 51. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini joto hupungua na betri hukaa zaidi.

Jambo hili ni muhimu mahali penye joto na vumbi. Mfano ni Tabora, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, katika njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Huko kiangazi ni kirefu, na joto huzidi mnamo Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto kupita kiasi na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike, hata kama mtumiaji amechagua kasi ya juu.

Gavana

Kanuni inayoamua kasi huitwa gavana. Kazi yake inafanana na ya kirangozi, aliyetangulia mbele ya wapagazi Wanyamwezi na kuongoza mwendo wa msafara. Magavana wa kawaida ni hawa:

- *performance*: hudai kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa;
- *powersave*: hudai kasi ya chini kabisa;
- *ondemand*: hupandisha kasi haraka kazi inapozidi;
- *conservative*: hupandisha na kushusha hatua kwa hatua;
- *schedutil*: hutumia taarifa za mpangaji kazi wa keneli, iliingia katika Linux 4.7 mwaka 2016;
- *userspace*: humwachia mtumiaji au programu yake kuchagua kasi.

Prosesa nyingi za Intel hutumia kiendeshi cha *intel_pstate*, ambacho kwa kawaida huonyesha *performance* na *powersave* pekee. Hapo *powersave* haimaanishi kasi ya chini muda wote, kwani kasi huendelea kupanda kazi inapohitaji.

Kutazama

Amri `cpupower frequency-info` huonyesha kiendeshi, gavana na mipaka ya kasi. Faili `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq` huonyesha kasi ya sasa kwa kilohezi; namba 1800000 ni gigahezi 1.8. Amri `sensors` huonyesha joto. Kwenye eneokazi la Xfce kuna kiongezo cha kuonyesha kasi kwenye upau.

Kurekebisha

Amri `sudo cpupower frequency-set -g performance` hubadilisha gavana, na `sudo cpupower frequency-set -u 1.8GHz` huweka kikomo cha juu. Mabadiliko hayo hupotea kompyuta ikizimwa. Katika GNOME, mtumiaji huweza kuchagua hali ya umeme kwenye mipangilio bila kuandika amri, iwapo kompyuta yake inaruhusu.

Kompyuta inapokuwa nzito

Kabla ya kubadilisha gavana au kununua kompyuta nyingine, inafaa kulinganisha kasi na joto wakati kazi inaendelea. Kasi ikishuka huku joto likipanda, kinachohitajika kwanza ni kuzima kompyuta na kusafisha feni. Kasi ikibaki ya juu na joto likiwa la kawaida, chanzo huenda ni upungufu wa RAM au diski yenye mwendo mdogo, na kubadilisha gavana hakutasaidia.