Rada juu ya mashua ya tanga: tuliyojifunza kabla ya kufungua sanduku

Wengi wenu mliuliza habari ya mashua yetu na ile rada iliyosemwa sokoni. Leo tunaeleza yote kwa utaratibu, maana vikundi vingine vya kando ya ziwa vinaweza kupata swali lile lile.

Mashua yetu ni ya mbao, ina tanga moja na batri ndogo ya taa. Inabeba unga wa muhogo, mafuta ya mawese na ndagala kutoka vijiji vya Fizi mpaka Baraka. Kiangazi kilichopita, usiku usio na mwezi, ilikuwa na mama watano ndani pamoja na watoto wawili. Meli ya chuma ikatokea gizani, ikaja moja kwa moja. Vijana walipiga kelele, wakawasha tochi ya simu, wakageuza tanga. Meli ilipita karibu sana, na mawimbi yake yakajaza maji ndani. Magunia manne yalitupwa ziwani. Watu wote walifika nyumbani, tunamshukuru Mungu.

Siku ya mkutano, mama mmoja ambaye mtoto wake ni baharia wetu alisimama akasema: «Tununue rada. Pesa ya magunia inarudi, mtoto harudi.» Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshatutajia rada ndogo ya mashua, bei kupita dola elfu moja. Sanduku letu lingebaki tupu, na ndilo linalokopesha pesa ya shule kila Septemba. Basi walimu tulio katika kikundi tukaombwa kuchunguza kwanza.

Rada inaonaje?

Ukipiga makofi mbele ya mlima, sauti inakurudia. Rada inafanya vile kwa mawimbi ya redio. Antena inazunguka, inatupa wimbi, wimbi linagonga kitu, sehemu yake inarudi, mashine inahesabu muda. Mawimbi hayo yanakimbia kilometa 300 000 kwa sekunde moja. Kitu kilicho kilometa 3 mbali kinajibu baada ya sehemu 20 za milioni za sekunde. Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha chombo cha namna hii kule Köln mwaka 1904, hasa ili meli zisigongane gizani na ndani ya ukungu.

Rada ndogo ya mashua inaona meli, kisiwa na ukingo wa ziwa. Inaona hata mvua nzito inayokaribia. Kwa ziwa letu la Tanganyika, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 na dhoruba zinazoshuka milimani ghafla, hilo si jambo dogo. Yule mama hakukosea kuitamani.

Kuifunga kuna masharti

Jambo la kwanza ni uzito. Antena inakaa juu, maana ikiwa chini haioni mbali. Ikiwa mita 4 juu ya maji, upeo wake ni karibu kilometa 8 kwa kitu kilicho chini majini. Lakini kilo 7 juu ya mlingoti si sawa na kilo 7 sakafuni. Mama anajua: mtoto mgongoni anatulia, beseni la maji kichwani linayumba. Mashua nyembamba ikilala kwa upepo, uzito wa juu unaivuta zaidi. Ndiyo sababu wengine wanaifunga kwenye nguzo fupi nyuma ya mashua. Wanakubali kuona karibu kidogo ili wasipinduke.

Jambo la pili ni kulala kwa mashua. Tanga likivuta, upande mmoja rada inatazama angani, upande mwingine inatazama maji. Wenye mashua za tanga wanaweka kishikio kinachocheza ili antena ibaki sawa. Hicho nacho kinalipwa.

La tatu ni umeme. Rada ndogo ya kisasa pamoja na kioo chake inakula karibu wati 30. Saa 10 za usiku ni 300. Kwa voliti 12, hiyo ni ampea-saa 25, yaani nusu nzima ya batri ya 50, na batri ya kawaida haipendi kushuka chini ya nusu. Itahitajika paneli ya jua ya wati 100, waya mnene, na fuzi karibu na batri ili waya usishike moto. Taa ndogo ya wati 3 inakula 30 tu kwa usiku mzima.

La nne ni dira. Rada za namna ya zamani zina sumaku kali, zinaweza kuidanganya dira iliyo karibu. Na anayesoma kioo lazima afundishwe mchana, siku nyingi, mpaka azoee. Asiyefundishwa atachukua wimbi kuwa meli, na meli kuwa wimbi.

Swali lililotugeuza

Tulipoeleza haya, bibi mmoja aliuliza: «Meli ile, yenyewe haikuwa na rada?» Tukanyamaza. Huenda ilikuwa nayo. Lakini mbao hairudishi mawimbi vizuri, na mashua fupi inapotea kati ya mawimbi ya maji. Hata meli yenye rada ingeweza kutopata alama yetu kwenye kioo chake. Rada yetu ingetusaidia kumwona mwenzetu, lakini isingemfanya yeye atuone. Na usiku ule, mashua ya tanga bila upepo ingekimbilia wapi?

Tukaanza na kuonekana. Kuna kifaa cha kurudisha mawimbi ya rada kisichohitaji umeme. Ni mabamba matatu ya chuma au aluminiamu yanayokatana katikati, kila moja likisimama wima juu ya lingine, hata zipatikane pembe nane kama mifuko. Wimbi likiingia mfukoni linarudi kule lilikotoka. Tulimpelekea fundi wa vyuma ekeri ya darasani, maana pembe ikipotoka kidogo tu, nguvu inapungua sana. Ukubwa nao una faida: ukizidisha kipimo cha pembeni mara mbili, mwangwi unaongezeka mara 16. Kinatundikwa juu kadiri inavyowezekana, mfuko mmoja ukitazama juu kana kwamba unakinga mvua.

Tuliyoamua

1. Kifaa hicho kimefungwa mlingotini, na hakishuki.
2. Taa nyeupe na tochi kali ziko tayari kila usiku. Kanuni za kimataifa za baharini zinakubali mashua ya tanga isiyofika mita 7 iwe na tochi ya mwanga mweupe, mradi iwashwe mapema. Simu si tochi.
3. Kila abiria avae jile ya kuelea, mtoto ya kipimo chake.
4. Miezi ya upepo mkali wa kusini-mashariki, Mei mpaka Septemba, mashua haisafiri usiku.
5. Rada itarudi mezani siku tutakapopata mashua kubwa yenye mota ya kuchaji batri.

Yule mama aliyeomba rada alipiga kura dhidi ya namba ya tano. Alisema tunangoja sana. Tumeandika neno lake katika daftari, maana mtoto wake ndiye anayekaa kwenye usukani. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika ufukweni, akashika kamba, akavuta kifaa mpaka juu kwa mikono yake.

Kikundi chenye mashua ya mbao kije kukitazama, na fundi wake aje na kipimo.