Udongo, samaki na maziwa ya mama: njia za sumu katika ukanda wa dhahabu

Katika masoko mengi ya Kanda ya Ziwa udongo huuzwa pamoja na vyakula. Ni vijiti vilivyokaushwa, watu huviita pemba, na wanunuzi wake wakubwa ni wajawazito. Mwaka 2014 Elias Nyanza wa chuo kikuu cha afya cha CUHAS, Bugando, Mwanza, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita. Karibu nusu yao walisema wanakula udongo. Udongo wenyewe ulipopelekwa maabara ulikutwa na aseniki, kromiamu, nikeli na madini mengine.

Habari ya namna hii ikifika mtaani huishia kwenye sentensi moja: wanawake wanakula sumu. Mimi naiona kuwa mwanzo tu wa swali. Kiasi cha sumu kilichomo kwenye chakula na kiasi kinachoingia kwenye damu ni mambo mawili, na kazi kubwa ya mtaalamu wa sumu za chakula ni kujua nini kinatokea kati ya hayo mawili. Maabara huiga tumbo la binadamu: udongo husagwa, hutiwa kwenye tindikali yenye ukali kama wa tumboni, hutikiswa kwenye joto la nyuzi 37, kisha huongezwa majimaji yanayofanana na ya utumbo mwembamba. Kilichoyeyuka humo ndicho hasa mwili unachoweza kukichukua. Udongo wa sehemu mbili unaweza kuwa na aseniki sawa kabisa, lakini mmoja ukaiachia na mwingine ukaishikilia mpaka chooni.

Ukubwa wa chembe nao una uzito wake. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo, ndivyo uso wake kwa kila gramu unavyokuwa mpana na ndivyo inavyoyeyuka upesi, na baadhi ya zile zilizo chini ya nanomita 100 zinaweza kupenya ukuta wa utumbo bila kuyeyuka kwanza. Wasiwasi huo ni sehemu ya sababu zilizoifanya Ulaya iondoe rangi nyeupe ya titani dioksidi, E171, kwenye vyakula mwaka 2022, baada ya mamlaka yake ya usalama wa chakula kutamka Mei 2021 kwamba haiwezi tena kuihesabu kuwa salama. Udongo wa mfinyanzi una chembe za chini ya maikromita 2, na ndani yake zimo ndogo zaidi. Maswali yanayoulizwa kuhusu peremende za Ulaya yanafaa kuulizwa kuhusu pemba ya Geita, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu mlaji ni mjamzito ambaye mara nyingi amepungukiwa damu. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya risasi na kadimiamu kwa wingi kuliko kawaida.

Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, inafundisha kwa ukali tofauti hiyo kati ya kilichomo na kinachoingia mwilini. Mchimbaji wa Rwamagasa au Nyarugusu, Geita, huishika kwa mikono mitupu miaka mingi na kujiona mzima, akasema wataalamu wanatishia watu. Kwa sehemu anachokiona ni kweli: zebaki ya maji ikimezwa, utumbo hunyonya chini ya asilimia 0.01. Donge la zebaki na dhahabu likichomwa, mambo hubadilika, kwa kuwa mapafu huchukua karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa. Kinachobaki hewani huanguka, husombwa na mvua hadi kwenye tope la mito na mabwawa, na huko bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hii ikiwa ndani ya samaki, utumbo hunyonya karibu asilimia 95. Huvuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Ugonjwa wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956, ulionyesha kina mama waliokuwa na dalili chache au wasio nazo kabisa wakijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo.

Je, samaki wa Ziwa Victoria wanalika? Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani waliwapima katika miaka ya 1990 na kukuta zebaki kidogo. Sato hula zaidi mimea midogo ya majini, kwa hiyo sumu haipati ngazi nyingi za kupandia. Sangara mkubwa, anayekula samaki wenzake, hubeba zaidi. Hata hivyo tuangalie mpaka wenyewe. Nchi nyingi huruhusu miligramu 0.5 kwa kilo ya samaki. Wataalamu wa FAO na WHO wanashauri mtu asipate zaidi ya maikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya maikrogramu 96. Akila samaki aliye sawasawa na mpaka huo wa miligramu 0.5, gramu 192 zinaimaliza nafasi yote ya wiki, nayo ni mboga ya siku moja kwa mtu wa kaya ya wavuvi. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya biashara hauwezi kuachwa peke yake uwalinde watu wanaokula samaki kila siku. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vya walaji, si vya samaki peke yake.

Chakula cha kwanza cha mtoto nacho kimepimwa. Mwaka 2008 Stephan Bose-O'Reilly na wenzake walichapisha vipimo vya sampuli 46 za maziwa ya mama kutoka maeneo ya dhahabu ya Indonesia, Zimbabwe na Tanzania, na baadhi zilikuwa na zebaki nyingi mno. Mama asiache kunyonyesha kwa kusoma hapa. Hatari za kumnyima mtoto maziwa zinajulikana vizuri. Cha kuondolewa ni kikaangio cha kuchomea dhahabu kilichomo jikoni kwake.

Aseniki ina njia yake, na haimngoji mtu alete zebaki. Imo kwenye mwamba wenyewe, imeshikana na salfa na chuma, jirani na dhahabu. Makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, yakishausaga mwamba, marudio, yaani mabaki ya mwamba baada ya dhahabu kutolewa, hubaki wazi juani, hewa na mvua huifungua aseniki, nayo hushuka kwenye visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 kwa lita. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, hatua niliyoifurahia sana, lakini hata siku zebaki itakapokwisha kabisa Mwakitolyo na Kahama, marudio yatakuwa bado yapo.

Kwa hiyo utafiti wenye maana zaidi hapa ni ule unaomfuata mtu kwa miaka. Nyanza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, waliandikisha wajawazito zaidi ya 1,000 kaskazini magharibi mwa Tanzania. Damu ilichukuliwa kwa matone yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, njia inayofaa zahanati isiyo na friji ya uhakika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha aseniki na zebaki nyingi zaidi kwa wanaoishi kwenye maeneo ya uchimbaji. Kisha watoto zaidi ya 400 walipimwa ukuaji wa akili na viungo wakiwa na miezi 6 hadi 12, na waliokutana na sumu zote mbili tumboni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuchelewa.

Kazi ya namna hiyo huchukua muda wote wa shahada ya uzamivu, na inahitaji mshahara wa mtafiti, nauli ya kurudi kijijini mara kwa mara, na mashine zenye uwezo wa kuona kiasi kidogo mno. Mwanafunzi asiye na ufadhili huchagua swali analoweza kulimaliza kwa miezi 6, akapima udongo mara moja na kuandika ripoti. Hatumlaumu, lakini mtoto wa miezi 12 anahitaji kupimwa tena akiwa na miaka 5, na tena akiwa darasani.

Serikali inatoza mrabaha wa hadi asilimia 6 kwenye dhahabu, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutoka kwenye mauzo ya makampuni ya migodi. Fedha hizo hujenga madarasa na vituo vya afya, navyo vinahitajika. Naomba sehemu yake iwasomeshe vijana wa Geita na Shinyanga uzamivu wa sumu za chakula, wenye mkataba wa kuwafuata watoto walewale kwa miaka 10, na sampuli zipimwe Mwanza, ambako Mkemia Mkuu wa Serikali tayari ana ofisi ya kanda. Wakati hilo likisubiriwa, kliniki za wajawazito zinaweza kuanza na swali ambalo halina gharama: unakula udongo, na unaununua wapi? Muuguzi aulize bila kukaripia, aandike jibu kwenye kadi, na anayekula apimwe damu siku hiyohiyo.