Jinsi ya Kutengeneza Usukani Uliolegea

Wengi wetu tumepata kusikia kwa wazee habari za Datsun 240Z, motokaa ndogo ya Kijapani yenye viti viwili, iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ziliacha kutengenezwa mwaka huo wa 1973, lakini chache zingali zikitembea. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi, kutengeneza usukani wa mojawapo, na ningependa kuwaeleza wasomaji niliyojifunza.

Mwenye motokaa alilalamika kwamba inayumba barabarani kama mlevi. Gereji moja ilikuwa imemwambia anunue reki mpya ya usukani, kitu ambacho kwa motokaa ya zamani ni ghali na ni shida kukipata. Mjomba hakukubali wala hakukataa. Alizungusha usukani polepole, nami nikapima kwa rula: ukingo wake ulikwenda sentimita 6 kabla magurudumu hayajageuka hata kidogo.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya usukani. Mti wa usukani hushuka hadi kwenye gia ndogo iitwayo pinioni. Meno ya pinioni huumana na meno ya reki, yaani chuma kirefu kilicholala kutoka kushoto kwenda kulia. Pinioni ikizunguka, reki huenda upande, na kila ncha yake ina fimbo iitwayo tairodi, ambayo huvuta au kusukuma gurudumu. Mwisho wa tairodi kuna kiungo cha mviringo ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja unavyokaa katika nyonga. Mafundi hukiita tairodi endi.

Basi, toka mkononi mwa dereva hadi kwenye gurudumu kuna viungo vingi. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu wote hujumlika, kama senti zinavyojumlika kuwa shilingi. Kwa hiyo fundi hana budi kukagua kimoja kimoja kabla ya kulaumu reki.

Motokaa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake na injini imezimwa, nilizungusha usukani kidogo kushoto na kulia, naye mjomba akalala chini akitazama. Kisha akaniita nikaone mwenyewe. Meno hayakuwa na kosa. Reki nzima ndiyo iliyokuwa ikiteleza! Reki hiyo hufungwa kwa vibanio viwili vyenye bushi za mpira. Mafuta ya injini yalikuwa yamezivujia bushi hizo muda mrefu, na mpira umelainika kama ugali.

Halafu tuliinua motokaa kwa jeki na kuiegemeza juu ya stendi madhubuti, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nilishika gurudumu la kushoto upande wa mbele na wa nyuma, nikalitikisa. Likicheza hivyo, kosa huwa katika viungo vya usukani. Ukishika juu na chini likacheza, tazama beringi na kiungo cha chini. Letu lilicheza kwa namna ya kwanza. Mpira wa kuzuia vumbi katika tairodi endi ulikuwa umepasuka, mchanga ukachanganyika na grisi na kukisaga chuma kama msasa.

Mwenye motokaa aliomba kiungo hicho kichomelewe ili apunguze gharama. Mjomba alikataa kabisa. Moto huharibu ugumu wa chuma cha namna hiyo, na hutaona dalili yoyote mpaka siku kitakapovunjika.

Kabla ya kuondoa kiungo cha zamani, nililegeza nati ya kukazia, kisha nikahesabu mizunguko nilipokuwa nikikifungua: ilikuwa 19. Kipya nilikifunga kwa mizunguko ile ile, ili gurudumu lisiende upande mno. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya kukaribia tu. Baadaye ni lazima magurudumu yapangwe kwa kipimo. Tulitia bushi mpya pia, na tukaziba mahali palipovuja mafuta.

Nilipomaliza kukaza nati, nilijiona fundi, nikaanza kushusha motokaa. Mjomba akauliza, "Mwanangu, pini iko wapi?"

Nati ya kiungo hicho ina mapengo, na pini hupenya humo ili isijifungue kwa mtikisiko. Nilitia mkono mfukoni. Pini ilikuwa humo.

"Hii hapa, mjomba," nilisema kwa aibu.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nati ikianguka, gurudumu hufuata njia yake na dereva hufuata yake. Tangu hapo huweka kila pini juu ya kitambaa cheupe mbele ya macho yangu, na sishushi motokaa mpaka kitambaa kiwe kitupu.

Tulipopima tena, ulegevu haukufika hata sentimita 1. Na reki ni ile ile ya zamani.