Ugomvi wa Kiti Unahamisha Watu



Wazee wa Walunda wanasimulia kwamba mfalme Nkonde alitukanwa na kupigwa na wanawe, Kinguri na Chinyama. Kabla ya kufa aliwanyima ufalme, akaagiza lukano, bangili ya ufalme, avalishwe Lueji, binti yake aliyekuwa kijana bado. Lueji hakukaa nayo sana: aliolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba, akamkabidhi. Kinguri akakasirika, akaondoka na watu wake kuelekea Angola ya leo. Chinyama naye akatoka.

Tazameni: waliogombana ni ndugu watatu, lakini waliofunga mizigo ni wengi.

Sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 inasema shefu huteuliwa kwa desturi, kisha serikali humtambua. Basi, washefu, mtajeni mrithi mbele ya ukoo wote mkingali hai. Naye aliyekosa kiti asikilizwe. Nanyi familia, msikubali kushikishwa panga kwa ajili ya kiti cha mtu. Walunda na Waluba ni wakwe tangu ndoa ile.