Wanaogombea Mgeni Wasiisahau Malinyi

Kila kukicha ndege ndogo huruka kutoka uwanja wa Kisauni, Unguja, zikielekea bara, zikiwa zimebeba wageni waliolala Nungwi, Kiwengwa au Paje. Wageni hao hawana mizigo, kwani jioni watarejea pwani kula chakula cha usiku katika hoteli ile ile waliyoamkia. Kati ya asubuhi na jioni watamwona tembo, twiga, na wakijaliwa watamwona simba. Watakula chini ya mti, watapiga picha, kisha watapanda tena ndege. Ndio wanaoitwa wageni wa siku moja. Kwa ajili yao pamezuka mashindano ambayo hayakutangazwa na mtu yeyote, lakini ambayo kila dereva wa watalii na kila karani wa hoteli anayafahamu: mashindano baina ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kila mmoja wa washindani hawa ana silaha yake. Mikumi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ina eneo la kilomita za mraba 3,230 na imepitiwa katikati na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Mgeni asiyetaka ndege anaweza kuifikia kwa gari, na tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, njia imekuwa fupi zaidi. Nyerere, iliyomegwa kutoka katika Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893, na inajivunia kitu ambacho Mikumi haina: mto mkubwa wa Rufiji, ambapo mgeni hupanda mashua na kuwatazama viboko na mamba kutoka majini.

Yuko mshindani wa tatu, naye amekaa kimya. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake. Mgeni hutembea kwa miguu kutoka Mang'ula, hupanda hadi kwenye maporomoko ya Sanje yenye kimo cha zaidi ya mita 170, na akibahatika humwona nyani wa Sanje, ambaye wataalamu wa sayansi hawakumfahamu hadi mwaka 1979. Lakini hakuna apandaye mlima asubuhi akarudi Nungwi jioni. Kwa hiyo katika kinyang'anyiro cha mgeni wa siku moja, Udzungwa imeshindwa hata kabla ya kuingia uwanjani.

Sisi hatusemi kuwa mashindano ni mabaya. Biashara isiyo na mshindani hulala usingizi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni laki saba kutoka nje, na si haki kumtaka mwenye hifadhi bara afumbe macho asiwaone. Tunachouliza ni hiki: washindani wetu wanashindania nini hasa?

Tutazame wenzetu. Katika mji wa Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, viwanja vikubwa vya burudani vimekuwa vikigombea watu kwa zaidi ya miaka hamsini. Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, SeaWorld ikafuata mwaka 1973, na Universal Studios ikaingia mwaka 1990. Mwaka 2025 Universal ilifungua kiwanja kingine kipya kabisa. Wamechukiana, wameigana, wamenyang'anyana wateja. Hata hivyo, kila mmoja alipoongeza kivutio, mgeni alipata sababu ya kuongeza siku katika mji ule. Mshindani wa jirani aligeuka kuwa sababu ya mgeni kulala usiku mwingine.

Huku kwetu mambo yamekwenda kinyume. Mikumi na Nyerere hazishindani kumfanya mgeni akae. Zinashindana nani atamrudisha upesi. Anayepunguza saa za safari na bei ya safari ndiye anayempata. Mgeni wa namna hiyo hulipa nauli, hulipa kiingilio, hula chakula alichofungiwa, na kuondoka. Hapiti sokoni, halali katika nyumba ya wageni, hanunui mkeka wala kikapu. Kijiji kilichopakana na hifadhi husikia mlio wa ndege tu ikipita juu.

Na kuna tofauti nyingine baina yetu na Florida. Wale walinunua ardhi iliyokuwa na kinamasi kingi wakajenga juu yake vivutio vya kubuni. Sisi kinamasi chenyewe ndicho kivutio, na kikishaharibiwa hakuna fundi awezaye kukijenga upya. Hapo ndipo tunapofika Malinyi.

Wasomaji wetu wa visiwani wengi hawajapata kuiona Malinyi, na hatuwalaumu. Ni wilaya ya Mkoa wa Morogoro, iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Ulanga, upande wa kusini wa Mto Kilombero, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mji wa Ifakara. Mito ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga inaposhuka kutoka nyanda za juu hukutana katika bonde hilo, na wakati wa masika tambarare yote hugeuka ziwa. Maji yakipungua, majani mabichi huota, na hapo ndipo sheshe hutoka kwa makundi kuja kula. Sheshe ni swala wa rangi ya dhahabu anayependa kuishi kando ya maji. Mwaka 2002, bonde hilo lilipoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, likiwa na hekta 796,735, ilielezwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote waliobaki duniani walikuwa hapo. Pia yumo ndege mdogo mfumaji, jamaa ya mnana, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990, na ambaye jina lake ni la Kilombero kwa sababu ndiko kwao.

Lakini thamani kubwa ya Malinyi haimo katika pembe za sheshe. Imo katika maji. Mto Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, na kuanzia hapo huitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde la Kilombero. Maji hayo ndiyo yanayoelea mashua za watalii wa Nyerere. Ndiyo yanayosukuma mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme na ambalo mitambo yake ya kwanza iliwashwa mwaka 2024. Ndiyo yanayoshuka hadi Delta ya Rufiji kulisha mikoko ambamo kamba na samaki huzaliana, na hatimaye huingia baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mvuvi wa Mafia, na mwenye hoteli wa Kilindoni anayewapeleka wageni kumtazama papa potwe, wote wana jamaa yao Malinyi ingawa hawajawahi kuonana naye.

Je, huyo jamaa amepata nini? Bonde lilikuwa pori tengefu tangu mwaka 1952, na watu waliishi humo wakilima mpunga, wakivua kambale na kitoga, wakivuka mito kwa mitumbwi. Baadaye wakaja wakulima wengine kutoka mikoa mbalimbali, na wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe. Haifichiki kwamba wingi huo uliumiza bonde: malisho yalikwisha, mashamba yaliingia hadi kingo za mito, na idadi ya sheshe ikashuka sana. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya pori tengefu ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Katika pori la akiba mtu haruhusiwi kulima wala kuchunga.

Serikali ilikuwa na sababu, na sababu yake ni nzito. Bila bonde hakuna mto, na bila mto hakuna bwawa wala mashua. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba mkulima wa Malinyi aliyepoteza shamba la mpunga anaona upande mmoja tu wa mizani. Ameombwa kuhifadhi maji ambayo wengine wanayafanyia biashara. Wageni wanaoruka juu ya kichwa chake kila asubuhi hawashuki kwake. Mwindaji wa kitalii huja, lakini huja mmoja mmoja, hukaa katika kambi yake na kuondoka. Fahali wawili wakipigana, wahenga walisema, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hizi ni za Malinyi.

Manung'uniko ya majirani si jambo dogo la kupuuzwa ofisini. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii wa kusini, uitwao REGROW, uliohusu hifadhi nne: Mikumi, Udzungwa, Ruaha, na eneo la Selous ambalo sasa ni Nyerere. Barabara, viwanja vya ndege na malango vilikuwa katika mpango. Lakini yalipotokea malalamiko ya wananchi waliokuwa wakiondolewa kando ya Ruaha, benki ilisimamisha fedha Aprili 2024, na Novemba mwaka huo huo mradi ukafutwa. Funzo lake ni wazi. Hifadhi inaweza kuwashinda wapinzani wake wote kwa simba na kwa matangazo, ikashindwa na jirani aliyekosa mahali pa kusemea.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wao wamelitangulia. Katika msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, kima punju walikuwa wakila mazao ya wakulima wa Pete na vijiji vingine. Badala ya kuacha uadui ukue, fungu la mapato ya viingilio liliwekwa kwa ajili ya vijiji, na wakulima waliokuwa wakihasiriwa na kima wakakumbukwa. Watu wa Pete wakajenga njia ya mbao katikati ya mikoko yao, wageni wakaja kutembea humo. Kima aliyekuwa mwizi wa shamba akawa mwenye kuleta karo ya shule. Kama mpango huo umewezekana Pete, hatuoni kwa nini usiwezekane Malinyi.

Kwa hiyo tunathubutu kutoa maoni yetu kwa wale wenye madaraka, na kwa wale wenye hoteli.

Kwanza, hifadhi zote za ukanda huu zingeuzwa kwa mgeni kama safari moja ya siku nne au tano. Mgeni apande treni hadi Morogoro, aone wanyama Mikumi, apande mlima Mang'ula, afuate lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, avuke Daraja la Magufuli lenye mita 384, ambalo tangu mwaka 2018 limeondoa shida ya pantoni, kisha afike Malinyi wakati wa kiangazi kumwona sheshe na kupanda mtumbwi unaoongozwa na Mndamba aliyezaliwa mtoni. Hoteli ya Unguja haitapoteza kitu. Mgeni atarudi pwani kupumzika, na safari hii atakuwa na hadithi ya kusimulia.

Pili, sehemu kubwa ya njia baada ya Lupiro ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hatuombi uwanja wa ndege wa fahari. Tunaomba barabara inayopitika, ambayo mgonjwa na gunia la mpunga vitaipita kabla ya mtalii.

Tatu, mipaka ya pori la akiba ielezwe kwa wanavijiji kwa lugha ya wazi na mbele ya macho yao, na madai ya mashamba yasikilizwe yakaishe. Fungu la mapato liandikwe kwa hesabu na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, kila mtu aweze kulisoma.

Nne, Malinyi isiige. Isijengewe majumba ya kushindana na Nyerere kwa ukubwa wala na Mikumi kwa wingi wa magari. Wageni wachache wakaao siku mbili wana faida kwa kijiji kuliko mia wapitao kwa saa mbili, na sheshe hatavumilia kelele.

Mikumi na Nyerere zitaendelea kugombea, na tunazitakia heri zote mbili. Lakini mshindi wa kweli hatajulikana kwa kuhesabu ndege zilizotua asubuhi. Atajulikana siku ambayo mkulima wa Malinyi atamwona sheshe kando ya shamba lake na kumwacha apite, kwa kuwa ana hakika kwamba mnyama yule ana sehemu katika chakula cha watoto wake. Viongozi wanaweza kuileta siku hiyo, na wenye hoteli wa visiwani wanaweza kuiharakisha. Maji ya bonde hayatungoji. Kila masika hushuka kwenda baharini.