Gari Likibadilishwa, Mshale wa Petroli Huweza Kudanganya

Magari mengi yapitayo katika barabara za Kenya hayako tena kama yalivyotoka kiwandani. Mwenye gari mmoja huongeza tangi la pili kwa ajili ya safari ndefu; mwingine huinua springi za nyuma ili abebe mizigo; mwingine hufunga kipimo kipya kwenye dashibodi kwa kuwa cha zamani kimevunjika. Kazi hizo si mbaya. Lakini zikiisha, watu wengi huendelea kuuamini mshale wa petroli kama walivyouamini zamani, na hapo ndipo penye hatari.

MSHALE HUFANYAJE KAZI?

Yafaa kwanza kufahamu ya kuwa mshale haupimi petroli yenyewe. Ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Petroli ikipungua, boya hushuka, na mkono hugeuza kifaa kinachozuia umeme, ama sana ama kidogo. Umeme unaopita hapo ndio unaousogeza mshale mbele ya dereva. Kwa hiyo mshale huonyesha tu mahali boya lilipo. Boya, mkono na kipimo vilitengenezwa vipatane na tangi moja, na kimoja kikibadilishwa mapatano hayo huvunjika.

MABADILIKO YANAYOLETA MATATA

Kwanza ni tangi. Tangi jipya likiwa na kina kifupi kuliko la zamani, boya hugusa chini kabla mkono haujafika mwisho wake. Mshale husimama penye robo, na kumbe tangi ni kavu. Tena, tangi lililo pana juu na jembamba chini huwa na petroli chache chini ya nusu ya kimo chake kuliko juu yake. Basi nusu ya mwisho huisha upesi. Na likiongezwa tangi la pili pasipo boya lake na swichi ya kuuhamisha mshale, dereva hawezi kujua lililomo humo.

Pili ni springi. Nyuma ya gari ikiinuliwa, tangi huinama na petroli hukimbilia mbele. Madereva huona jambo lilo hilo wanapopanda au kushuka mlima. Tofauti ni kwamba sasa kosa hilo halimwachi hata penye barabara tambarare.

Tatu ni kipimo chenyewe. Kizuizi cha umeme huhesabiwa kwa omu. Vifaa vingi vya mtindo wa Kimarekani vinavyouzwa kwa kufungwa katika magari huwa na omu 240 tangi likiwa tupu, na omu 33 likijaa. Vya mtindo wa Ulaya, kama vile vingi vya VDO, huwa na omu 10 likiwa tupu, na omu 180 likijaa. Mtu akifunga kipimo cha namna ya pili juu ya boya la namna ya kwanza, mambo hupinduka: tangi likijaa, mshale hulala karibu na tupu, petroli ikiisha, mshale hupanda hadi kujaa!

Nne ni umeme. Katika Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kuna kifaa kidogo kinachopunguza umeme wa volti 12 uwe kama volti 10 kwa ajili ya mshale wa petroli na ule wa joto la maji. Kisiposhikana vema na chuma cha gari, kwa mfano baada ya kupakwa rangi, mishale yote miwili husoma juu kuliko kweli. Basi ikipanda yote miwili, fundi aanze hapo. Ukikosea wa petroli peke yake, atazame boya na nyaya za tangini.

NJIA YA KUPIMA UPYA

Baada ya mabadiliko yoyote, gari na lisimamishwe nje, mahali tambarare, mbali na moto na sigara. Fundi amwage petroli yote katika madebe yanayofaa, kisha airudishe lita 5 kwa lita 5, huku akiandika mshale unasimama wapi kila mara. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na usukani. Huo ndio utakuwa ukweli wa gari hilo mpaka kipimo kirekebishwe.

Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na faida yake ni kubwa. Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, na gari likizimika njiani usiku likiwa na mgonjwa, mshale hautaulizwa, ataulizwa dereva. Tena magari mengi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, ambayo hupozwa na petroli yenyewe. Ikizunguka pakavu huungua. Na injini ya dizeli iliyokaukiwa huingiwa na hewa katika mabomba, na mara nyingi haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe.

Mwenye kubadili gari lake, basi, hana budi kuhesabu kazi kuwa haijakwisha mpaka mshale nao umepimwa.